Dau la Mnyonge: Uhaba na Fani katika Filamu za Kisayansi za Roger Corman

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba dau la mnyonge haliendi joshi. Asiye na tanga la kutosha wala mabaharia wa kutosha hana budi kufuata upepo unakompeleka. Methali hii yamfaa kila mtu aliyepata kutengeneza filamu kwa fedha kidogo, na yamfaa zaidi yule aliyejitia katika utanzu wa hadithi za kisayansi. Kwani utanzu huo hudai roketi, sayari ngeni, miji ya siku zijazo, na viumbe ambao hawajapata kuonwa na binadamu. Vitu hivyo vyote vina bei.

Roger Corman, Mmarekani aliyezaliwa Detroit tarehe 5 Aprili 1926 na kufariki California tarehe 9 Mei 2024, alijitia katika utanzu huo akiwa na mfuko mwembamba, akadumu humo kwa zaidi ya nusu karne. Wahakiki waliomwandikia wamekwenda njia mbili. Kundi la kwanza limemcheka: limeyataja mazimwi yake ya mpira na kuta zake zinazotikisika, likaridhika. Kundi la pili limemsifu kwa hesabu: filamu mamia alizozitayarisha, siku chache alizozitumia, na majina makubwa ya watu waliojifunza kazi kwake. Sifa za kundi hili ndizo zilizofikia kilele mwaka 2009, Corman alipopewa tuzo ya heshima ya Oscar. Hata hivyo, makundi yote mawili yamelikwepa swali ambalo ndilo hasa la mhakiki: je, uhaba uliifanya nini fani ya filamu zenyewe?

Makala haya yana madai mawili. Dai la kwanza ni kwamba, kati ya mwaka 1955 na 1963, uhaba ulikuwa kwa Corman sehemu ya fani, na kazi zake bora ni zile ambamo kitu kisichoweza kuonyeshwa kiligeuzwa kuwa dhamira. Dai la pili ni kwamba, alipopata uwezo wa kuchagua, aliendelea kuuchagua uhaba, na mara hii aliuchagua kwa niaba ya wengine. Hapo uhaba uligeuka kuwa ubahili. Mambo hayo mawili hayalingani, hata kama kiasi cha fedha kilichotumika kinalingana.

Mhandisi na Hadithi

Corman alisomea uhandisi wa viwanda katika Chuo Kikuu cha Stanford. Elimu ya namna hiyo humzoesha mtu kupima muda, kupanga hatua za kazi, na kuuchukia upotevu. Alipopata kazi ya uhandisi aliiacha kabla ya juma kutimia, akaenda kuwa tarishi, kisha msomaji wa miswada, katika kampuni ya filamu ya 20th Century Fox. Baadaye alikwenda Uingereza kusoma fasihi ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Oxford kwa muda mfupi. Mhandisi na msomaji wa fasihi walikaa ndani ya mtu mmoja tangu mwanzo, na ugomvi wao ndio historia ya kazi yake.

Mwaka 1954, baada ya kuuza mswada wa filamu iitwayo "Highway Dragnet", aliitayarisha filamu yake ya kwanza ya kutisha, "Monster from the Ocean Floor". Alikuwa amesoma gazetini habari za nyambizi ndogo ya mtu mmoja. Akawaendea wenye kampuni iliyoitengeneza, nao wakamwazima bila malipo. Tukio hilo dogo linaonyesha njia yake yote. Kwa kawaida mwandishi hubuni hadithi, ndipo vifaa vikatafutwa. Kwa Corman, kifaa kilichopatikana ndicho kilichozaa hadithi. Mwandishi aliyelelewa katika fasihi ya vitabu huenda akaiona njia hiyo kuwa ya aibu. Lakini mfinyanzi naye huanza na udongo uliopo mtoni kwao.

Tangazo na Deni

Filamu yake ya kwanza ya kisayansi akiwa mwongozaji ilikuwa "Day the World Ended", ya mwaka 1955. Aliifanyia kampuni ya James H. Nicholson na Samuel Z. Arkoff, ambayo mwaka uliofuata ilikuja kuitwa American International Pictures. Kampuni hiyo iliwalenga vijana, hasa wale waliohudhuria sinema za uwanjani ambamo watu hutazama wakiwa wameketi ndani ya magari yao, aina ambayo Nairobi nayo iliwahi kuwa nayo. Aghalabu jina la filamu na picha ya tangazo vilibuniwa kwanza. Mswada ulifuata baadaye.

Utaratibu huu una maana kubwa kwa mhakiki. Tangazo lilikuwa ahadi, na ahadi ni deni. Wengine wamesema kwamba Corman ni kama mtambaji wa ngano, ambaye huliumba zimwi kwa maneno matupu. Ulinganisho huo una mvuto, lakini haukukamilika. Mtambaji anaposimulia habari za zimwi, kila msikilizaji huliumba zimwi lake mwenyewe, na hakuna awezaye kulalamika kwamba amepunjwa. Zimwi la Corman lilikuwa limekwisha kuchorwa kwa rangi kali nje ya mlango, likubwa kuliko nyumba, kabla mtazamaji hajalipa kiingilio. Mtambaji huanza akiwa hana deni. Corman alianza akiwa amekwisha kukopa. Kwa hiyo kila filamu yake ya miaka hiyo ilikabiliwa na tatizo moja: deni lilipwe kwa sarafu gani, ikiwa sarafu iliyoahidiwa haipo?

"It Conquered the World", ya mwaka 1956, inaonyesha malipo yalivyoweza kushindikana. Kiumbe kutoka sayari ya Zuhura, kilichotengenezwa na Paul Blaisdell, kimefichwa pangoni kwa muda mrefu, na woga unakua kadiri kinavyofichwa. Corman, kwa akili ya uhandisi, alikuwa ametaka kiwe kifupi na kipana, kwa hoja kwamba sayari yenye mvuto mkubwa haiwezi kuzaa kiumbe kirefu. Hoja hiyo haikuwa sahihi hata kisayansi, kwani mvuto wa Zuhura ni mdogo kidogo kuliko wa Dunia. Inasimuliwa kwamba mwigizaji Beverly Garland aliposimama karibu nacho alikidharau waziwazi, ikabidi kiongezwe urefu upesi. Urefu huo haukusaidia. Kinapotoka pangoni na kupigwa na mwanga wa mchana, watazamaji hucheka. Deni lililipwa kwa sarafu ya tangazo, na sarafu ikaonekana kuwa bandia.

Kisichoonekana

Mwaka uliofuata Corman na mwandishi Charles B. Griffith walipata sarafu nyingine. Katika "Attack of the Crab Monsters", wanasayansi wanafika katika kisiwa cha bahari ya Pasifiki kuchunguza athari za majaribio ya bomu. Humo mna kaa wakubwa wanaowala watu. Mwili wa kaa hao ni kichekesho kama kile cha Zuhura. Lakini Griffith aliongeza jambo moja: kaa anapomla mtu hurithi akili yake na sauti yake. Usiku walio hai husikia sauti za wenzao waliokufa zikiwaita kwa majina, kwa upole, waje upande ule. Msomaji wa ngano za Afrika Mashariki atakumbuka mara moja zimwi linaloiga sauti ya mama ili watoto wafungue mlango. Sauti haikugharimu chochote. Hofu ya filamu nzima imo humo, na huyo kaa wa mpira amebaki kuwa stakabadhi tu ya deni la tangazo.

"Not of This Earth", iliyoonyeshwa pamoja na hiyo mwaka 1957, ilikwenda mbali zaidi. Mgeni kutoka sayari nyingine amevaa suti na miwani myeusi. Amepanga nyumba Los Angeles na kumwajiri muuguzi. Watu wa kwao wanakufa kwa ugonjwa wa damu uliotokana na vita vya nyuklia, naye ametumwa kutafuta damu ya binadamu. Karibu muda wote hakuna zimwi la kuonyesha isipokuwa macho meupe nyuma ya miwani. Mwishoni mgeni huyo amekufa na kuzikwa. Wakati muuguzi na mwenzake wamesimama penye kaburi, anatokea kwa mbali mtu mwingine, kavaa suti ile ile na miwani ile ile, akiija kamera hatua kwa hatua. Filamu inakwisha hapo.

Onyesho hilo lina mtu mmoja, suti moja, na eneo la makaburi. Hata kampuni tajiri isingeweza kuliboresha. Marekani ya miaka hiyo ilikuwa imetoka tu katika msako wa Joseph McCarthy, ambapo jirani alimshuku jirani, na mwenye suti safi aliweza kutajwa kuwa adui. Filamu haikulitaja jambo hilo hata mara moja. Uhaba uliikataza isimpambe mgeni wake, na kwa kutokumpamba ikamfanya awe mtu yeyote. Hapa fani na maudhui haviwezi kutenganishwa: ufukara wa vazi ndio maana ya vazi.

"Teenage Caveman" ya mwaka 1958 ilitumia hila ya jamii hiyo hiyo. Watu waliovaa ngozi wanaishi chini ya sheria ya wazee inayowakataza kuvuka mto. Kijana mmoja anavuka, na kiumbe wa kutisha anayeua kwa kugusa anagundulika kuwa mzee aliyevaa vazi la kujikinga na mnururisho. Kumbe zama hizo za mawe si za kale. Ni za baada ya vita vya nyuklia. Mazingira duni ambayo mtazamaji aliyasamehe kwa saa nzima yanageuka kuwa ushahidi: dunia ni maskini kwa sababu imejiangamiza.

Mwaka 1960, alipoitayarisha "House of Usher" kutokana na hadithi ya Edgar Allan Poe, Arkoff alitaka kujua zimwi liko wapi. Corman, kama inavyosimuliwa, alimjibu kwamba nyumba yenyewe ndiyo zimwi. Filamu hiyo si ya kisayansi, lakini jibu hilo ndilo muhtasari wa nadharia yake yote ya miaka hiyo.

Kutoka "The Intruder" hadi "X"

Mwaka 1962 Corman alifanya jambo ambalo mhandisi ndani yake asingeliruhusu. Kampuni zilipokataa kugharimia "The Intruder", yeye na ndugu yake Gene walitoa fedha zao wenyewe. Filamu hiyo, iliyotokana na riwaya ya Charles Beaumont, inasimulia habari za mgeni mwenye maneno matamu anayefika katika mji mdogo wa Kusini mwa Marekani kuwachochea Wazungu dhidi ya wanafunzi Weusi wanaoanza kuingia shule ya Wazungu. Ilipigwa katika miji ya kusini-mashariki mwa Missouri, kwa kuwatumia wenyeji wengi, na wenyeji walipoitambua maana yake walianza kuipinga. Ilisifiwa na wahakiki. Haikurudisha fedha yake.

Corman alieleza baadaye kwamba hasara hiyo ilimfunza kuiweka dhamira chini ya uso wa burudani. Wengi wamelichukua neno hilo kuwa hekima. Ni hekima kwa kiasi. Faida yake ilionekana mwaka uliofuata; hasara yake ni kwamba, akiwa mwongozaji, hakuurudia tena ubaguzi wa rangi kwa uwazi ule. Msanii aliyekuwa na ujasiri wa kusema kweli mchana alijifunza kuisema usiku tu. Mhakiki anayemsifu kwa filamu zilizofuata hana budi kuiweka hasara hiyo katika mizani.

Faida ni "X", ya mwaka 1963, ambayo ndiyo kilele cha kazi yake ya kisayansi. Daktari James Xavier, aliyeigizwa na Ray Milland, anagundua dawa ya macho inayomwezesha kuona kupita nguo, ngozi, na kuta. Shirika linalomfadhili linakata fedha. Anamsababishia mwenzake kifo bila kukusudia, anakimbia, anajificha kama mpiga ramli wa maonyesho ya mtaani, anatumiwa na laghai mmoja kuwachungulia wagonjwa, anacheza kamari Las Vegas, na mwisho anaingia katika hema la wahubiri jangwani akiwa na macho yasiyoweza tena kufumbika, kwa kuwa kope hazimzuii kuona. Mhubiri anamkumbusha agizo la Maandiko kuhusu jicho linalokosesha. Xavier anayang'oa.

Hadithi hii ilidai kuonyeshwa kile ambacho hakuna kamera ya mwaka 1963 iliyoweza kukionyesha. Ili kupata mji unaoonekana kwa macho hayo, Corman alipiga picha majengo yaliyokuwa bado yakijengwa, ambayo yalikuwa chuma na mifupa mitupu. Penginepo kuna rangi zilizovurugika tu, na Milland anaeleza kwa maneno mji ambao kuta zake zimeyeyuka na mabango yake yananing'inia bila nguzo. Wahakiki wengine wamelihesabu hilo kuwa kasoro. Lakini mtazamaji anapoambiwa na asionyeshwe, hujikuta katika hali iliyo kinyume cha ile ya Xavier: mmoja anaona kupita kiasi, mwingine anatamani kuona zaidi. Filamu inamtia mtazamaji tamaa ile ile iliyomwangamiza daktari. Deni la tangazo, lililomsumbua Corman tangu mwaka 1955, hapa limegeuzwa kuwa dhamira: ahadi ya kuona kila kitu ni ahadi ya kupofuka.

Mwaka 1964 Cinémathèque Française ya Paris iliandaa maonyesho ya filamu zake. Heshima hiyo ilistahili.

Uhaba Uliogeuka Ubahili

Mwaka 1970 Corman alianzisha kampuni yake, New World Pictures, na baada ya "Von Richthofen and Brown" ya mwaka 1971 hakuongoza tena filamu kwa jina lake hadi 1990. Alikuwa sasa mtoa fedha. Haki yake hapa ni kubwa na isifichwe. Kampuni yake ndiyo iliyowapelekea watazamaji wa Marekani kazi za Bergman, Fellini na Kurosawa wakati makampuni makubwa yalizikwepa. Jonathan Demme, Ron Howard na James Cameron walipata nafasi kwake walipokuwa hawajulikani, kama Francis Ford Coppola alivyopata miaka ya nyuma.

Hata hivyo, neno "shule", ambalo wasifu wake hurudiwa nalo mara kwa mara, lahitaji kuchunguzwa. Howard amesimulia kwamba aliambiwa na Corman kuwa akiifanya kazi vizuri hatalazimika kumfanyia kazi tena. Maneno hayo husimuliwa kama mzaha. Ni mzaha wenye ukweli mchungu: shule hiyo, kufaulu kwake ni kuikimbia. Tena orodha ya waliofaulu huandikwa na waliofaulu. Wale waliofanya kazi usiku na mchana kwa ujira mdogo, kisha wasipate jina, hawamo katika orodha hiyo, na hesabu isiyowataja si kamili.

Filamu zenyewe zinatoa ushahidi ulio wazi zaidi. Baada ya "Star Wars" ya mwaka 1977, Corman aligharimia "Battle Beyond the Stars" mwaka 1980, iliyoihamishia angani hadithi ya "Seven Samurai" ya Kurosawa. Ni kazi yenye uchangamfu, na Cameron alionyesha kipaji ndani yake. Lakini picha za vyombo vya angani vilivyotengenezwa kwa ajili yake zilichukuliwa na kutiwa tena katika "Space Raiders" ya mwaka 1983, pamoja na muziki wake. "Not of This Earth" nayo ilitengenezwa upya mwaka 1988 na tena mwaka 1995. Tofauti na miaka ya 1950 ni ya msingi. Mwaka 1957 uhaba uliamua nini kisionyeshwe. Mwaka 1983 uliamua nini kionyeshwe tena. Uamuzi wa kwanza humfanya mtazamaji afikiri. Wa pili humfanya akumbuke kwamba amekwisha kulipa.

Yaweza kujibiwa kwamba Corman hakuwa na hiari. Makampuni makubwa yalikuwa yameunyakua utanzu wake: papa wa "Jaws" mwaka 1975 na nyota za "Star Wars" zilikuwa hadithi za aina yake zilizotengenezwa kwa fedha asizoweza kuzifikia. Hoja hii ni kweli, na yaeleza kwa nini alirudia. Haielezi kwa nini hakuitafuta tena ile njia ya suti na miwani myeusi, ambayo wakubwa hao wasingeweza kumnyang'anya kwa kuwa haikununuliwa kwa fedha.

"Frankenstein Unbound" ya mwaka 1990 yaithibitisha hoja hii kwa upande wa pili. Aliporudi kuongoza, alikuwa na riwaya nzuri ya Brian Aldiss, waigizaji wenye sifa, na fedha nyingi kuliko alivyozoea. Mwanasayansi wa mwaka 2031, ambaye silaha yake imepasua wakati, anatupwa nyuma hadi mwaka 1817 na kukutana na Mary Shelley. Dhamira ni ile ile ya "X": elimu inayomshinda mwenyewe. Lakini mara hii zimwi liko mbele ya kamera, lenye mishono na damu, na hakuna kilichoachiwa mtazamaji. Akiwa na uwezo wa kuonyesha, Corman alionyesha.

Hitimisho

Mwaka huo huo wa 1990 Corman alitoa kitabu cha maisha yake, ambacho jina lake linajivunia filamu mia zilizotengenezwa bila kupoteza hata senti. Jina hilo lina utani ndani yake, na "The Intruder" yatosha kulikanusha. Lakini limekuwa na nguvu kuliko filamu zenyewe, kwa sababu limewafundisha wahakiki kumpima msanii kwa daftari la mhasibu. Wanaomcheka na wanaomsifu wanalisoma daftari lile lile.

Funzo la kazi hii lawahusu wote wanaohakiki sanaa inayozaliwa katika ufukara, iwe ya filamu au ya jukwaa, Marekani au Afrika Mashariki. Si sahihi kuidharau kazi kwa kuwa ni ya bei ndogo, wala si sahihi kuisamehe kwa sababu hiyo. Swali la haki ni kama mwenye kazi alikipa maana kile alichokikosa. Kati ya mwaka 1955 na 1963 dau la Corman lilikwenda joshi mara kadhaa, na halikwenda kwa bahati: nahodha alilijua tanga lake dogo na kulielekeza ipasavyo. Alipopata merikebu, alilifunga tanga lile lile dogo, akawaachia vijana makasia.